Paa la Kuazima

Hemedy hakuwa na chumvi. Hakuwa na kinu, hakuwa na kitanda cha maana, hakuwa na ndoo ya pili. Hakuwa na mtu wa kumwuliza shati lake la Ijumaa liko wapi. Hakuwa na mtoto wa kumtuma kiberiti. Hakuwa na mke, kwa sababu talaka aliitoa yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mchana kweupe. Katika chumba alichopanga Nachingwea mjini alikuwa na kitu kimoja tu kwa wingi, nacho ni mabati. Yaliegemea ukuta nyuma ya mlango, mengi hata mlango ulifunguka nusu, na mgeni akitaka kuingia ilimbidi aingie kwa ubavu.

"Mpangaji!" aliita Dafrosa, mwenye nyumba, akiwa ameingiza kichwa tu. "Chumvi yangu unaimaliza. Niuzie hayo mabati niezeke choo, tusameheane chumvi."

"Hayauzwi, mama."

"Basi kayaezeke."

"Wapi?"

"Sasa mimi nijue? Mwanaume mzima unalala na mabati kama mtu mwenye wake wawili. Mpaka kwangu nayasikia yanalia."

"Ni joto tu."

"Haya, joto," alisema Dafrosa, akaondoka anacheka.

Hemedy hakucheka. Maneno hayo, "ni joto tu", aliwahi kuyasema mara nyingi mahali pengine, kwa mtu mwingine, na kila aliposema alikuwa anadanganya.

Simu ikaita kwa ujumbe. Akaufungua.

"Assalam alaykum Baba Mwanawetu. Eda yangu imekwisha jana. Nimeona nikujulishe mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Mtoto mzima. Nakutakia heri. Zuhra."

Aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena akiwa amekaa juu ya godoro. Muda wote wa eda neno lake moja lingetosha: nimekurejea. Lisingehitaji mahari mpya wala ndoa mpya. Neno hilo alilikalia kama kuku anavyokalia yai bovu, akingoja Zuhra ndiye aanze. Zuhra hakuanza. Sasa alikuwa mwanamke huru, na Hemedy kwake alikuwa baba wa binti yao Mwanawetu tu.

Turudi nyuma kidogo, jambo lieleweke.

Hemedy alioa Narung'ombe, wilaya ya Ruangwa, akahamia kwa ukoo wa mkewe kama wafanyavyo wengi huku kwetu. Mwanaume huenda kwa mke. Ardhi ni ya mama zake mke, na msemaji wa ardhi ni mjomba. Mjomba wa Zuhra ni mzee Bilali, mtu wa maneno machache. Alimpa Hemedy eneo zuri, lenye mikorosho nyuma yake, naye Hemedy akafyatua tofali, akachoma, akajenga. Mwaka ambao korosho zililipa vizuri akanunua mabati. Akakataa fundi. Akapanda juu mwenyewe na nyundo, na kila msumari akaupiga nusu.

Aliyemfundisha ni dada yake, Ashura.

"Kaka, nyumba ni ya watu lakini mabati ni yako," Ashura alimwambia. "Usizamishe misumari. Siku wakikuambia toka, unang'oa bila kuharibu."

Ushauri huo ulimwingia kwa sababu ulikuta nafasi. Mama yao alipofariki, wajomba zao walimwambia baba yao arudi kwao. Mzee yule alijenga nyumba ile kwa mikono yake, akaondoka na baiskeli na redio. Hemedy alikuwa mtoto. Alishika kiti cha nyuma cha baiskeli mpaka njia panda, hapo baba yake akamwambia aachie.

Basi upepo ukivuma Narung'ombe, mabati yalicheza na kugonga.

"Mume wangu, paa linalia," Zuhra alikuwa akisema.

"Ni joto tu."

"Joto la Julai?"

"Hilo hilo."

Na kuanika makopa ya muhogo juu ya paa, kazi ambayo kila mwanamke wa kijiji hufanya, Hemedy alimkatalia. "Utaanguka. Nitaanika mimi." Wanawake wenzake Zuhra walimwonea wivu kwa mume mwenye huruma namna hiyo.

Mpaka siku moja Hemedy alipopeleka ufuta ghalani, na nyuma yake mawingu yakafunga bila kutarajiwa. Makopa yote yalikuwa juu. Zuhra akaweka ngazi, akapanda. Alikuwa anavuta makopa kwa haraka, kanga yake ikanasa. Akaivuta, ikachanika. Akainama kutazama imenaswa na nini, akaona kichwa cha msumari kimesimama. Akatazama wa pili, umesimama. Akatazama paa zima.

Mvua ilinyesha, makopa yakalowana, yeye bado amekaa juu.

Hemedy aliporudi alimkuta barazani, ile kanga iliyochanika ameikunja mapajani.

"Mume wangu, nikuulize," alisema Zuhra kwa sauti ya chini. "Ulipopanda juu ya nyumba hii, ulikuwa unaezeka au ulikuwa unaazima?"

"Nani kakupandisha juu?"

"Mvua. Nijibu."

"Zuhra, hayo ni mambo ya ufundi."

"Mimi nimelelewa na mafundi. Msumari unaoachwa hivi ni wa mtu anayejua atarudi kuung'oa."

Hemedy akakaa, akasimama. "Nyumba ipo kwa mjomba wako. Kesho akiniambia ondoka, mimi niende na nini?"

"Amekuambia uondoke?"

"Bado."

"Bado!" Zuhra alicheka, lakini macho yalikuwa yamejaa. "Miaka yote hii nimezaa humu, nimeugua humu, nimekungoja urudi shambani humu, kumbe juu yangu kuna kitu kinasubiri kuondoka. Na mimi mjinga naweka fedha ya chama kimyakimya nikuwekee dari, ulale usisikie hiyo kelele unayoiita joto!"

Maneno hayo ya dari yalimwuma Hemedy kuliko yote, na mtu akiumwa mahali ambapo hana jibu, hukasirika.

"Sitasimangwa kwenye nyumba niliyojenga!"

"Umejenga kuta tu. Paa umeazima. Basi liondoe. Nitalala chini ya nyasi za mjomba wangu, si chini ya mabati ya mpita njia."

"Nitaliondoa! Na wewe nimekupa talaka. Moja. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kesho yake alipanda na kuanza kung'oa. Misumari ilitoka kwa urahisi, kama alivyopanga. Ngazi ikaanza kuyumba, kisha ikatulia ghafla. Akatazama chini kumwona aliyeishika, akamwona mzee Bilali.

"Endelea, baba," alisema mjomba. "Nimeshika. Ukianguka, Mwanawetu atabaki na nani?"

Hakusema lingine. Aliishika ngazi ile mpaka bati la mwisho likashuka. Na gari la mizigo lilipoondoka, mzee alikuwa tayari anaita vijana wakakate nyasi.

Hivyo ndivyo Hemedy alivyofika Nachingwea.

Jioni ya siku ile ya ujumbe, mtoto alipiga kwa simu ya mama yake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mama. Umekula?"

"Nimekula. Baba, nyumba yetu sasa mvua ikinyesha haipigi kelele. Mama anasema nyasi zina adabu."

"Mama yupo hapo?"

"Yupo. Mama, baba anakuuliza."

Kisha sauti ya mtoto ikarudi: "Anasema yupo."

"Mwambie..." Hemedy alitafuta neno. Nyuma ya simu alisikia mwiko ukigonga sufuria, na alijua ni sufuria ipi, na alijua Zuhra amekaa upande gani wa jiko. Angetoa mavuno ya msimu mzima akae upande wa pili, moshi umwingie machoni. "Mwambie namsalimia."

"Mama, baba anakusalimia. Baba, amenyamaza. Lakini amekoroga tena."

Dafrosa alikuwa anakaanga samaki uani, akasikia yote. Simu ilipokatika akauliza, "Wewe unangoja nini?"

"Yeye aanze."

"Aanze nini? Ujumbe wa leo kautuma nani?"

"Ule ni wa kuaga."

"Mwanamke anayeaga kwa moyo hamwandikii mtu. Ananyamaza tu. We baba una masikio ya mapambo."

Siku mbili baadaye Ashura alikuja kutoka shamba kumwona kaka yake. Aliingia kwa ubavu kama wengine, akapiga mabati kwa kiganja, akatabasamu.

"Kaka, pole na hongera. Umetoka na mali yako. Wangapi hutoka mikono mitupu?"

"Nimetoka, dada."

"Na nimesikia mwenzio hakai sana bila mume. Kuna Rashidy wa Matambarale, yule mnunuzi wa ufuta, ameulizia kwa mjomba. Anasema Ijumaa ataleta barua ya posa."

Hemedy alihisi kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho gizani. "Rashidy?"

"Mwache aolewe. Sasa sikiliza. Hayo mabati yasioze humu. Njoo uezeke kwangu. Nyumba yangu inavuja upande wa jikoni, na mimi ndiye ndugu yako. Mke ni wa watu."

"Niezeke kwako."

"Si kwa dada yako? Ndiyo mila."

"Na shemeji Amri? Nikimpa nyundo anisaidie, atapiga misumari vipi?"

"Amri?" Ashura aliangua kicheko. "Amri humjui! Akipewa nyundo anapiga mpaka kichwa cha msumari kinazama kwenye mbao. Banda la mbuzi alilojenga, siku tulipotaka kulihamisha ilibidi tulivunje."

"Na yeye yupo kwa ukoo wetu. Wajomba wale wale waliomtoa baba."

"Wale wale."

"Haogopi?"

"Aogope nini? Nilimwuliza siku moja. Akaniambia, 'Ashura, wakinitoa watanitoa. Lakini leo nipo.' Amri hana makuu." Ashura akaacha kucheka polepole. Alimwona kaka yake uso umebadilika. "Kaka, nimesema nini?"

"Kwa hiyo mumeo hukumwambia asizamishe."

"Yule ni mume wangu, Hemedy. Nimwambie hivyo kwa nini?"

"Ndiyo," alisema Hemedy. "Kwa nini umwambie."

Ashura hakuwa mwanamke mbaya. Alimpenda kaka yake kwa namna ya mtu anayetaka akae karibu, wala hakuwa amewahi kulipima pendo hilo lina gharama gani kwa mwingine. Akaondoka bila kuyataja mabati tena.

Asubuhi iliyofuata Hemedy alipanda pikipiki ya rafiki yake Hassani, wakaenda Narung'ombe.

Mzee Bilali alikuwa barazani anasuka kamba. Juu yake paa jipya la nyasi lilikuwa limekatwa vizuri pembeni.

"Hodi. Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Kaa hapo hapo. Ndani sasa huna ruhusa."

"Najua, mjomba."

Zuhra alitokea mlangoni, akabaki kizingitini, kanga imefunika kichwa. Hemedy alimtazama mara moja akainamisha macho, na ile mara moja ikamtosha na isimtoshe.

"Habari za huku, Mama Mwanawetu."

"Nzuri. Mtoto yupo madrasa."

"Sikuja kwa mtoto tu." Akamgeukia mzee. "Mjomba, nimekuja kuomba radhi."

Mzee aliendelea kusuka. "Uliniogopa, Hemedy."

"Nilikuogopa."

"Nilikufanya nini?"

"Hukunifanya kitu. Wajomba zangu ndio waliomfanya baba yangu."

Mikono ya mzee ikasimama. "Wapo wanaofukuza. Sitakudanganya kwamba hawapo, na ni aibu yetu wenye ardhi. Lakini ungeniuliza. Mtu mzima huuliza. Wewe ulijiuliza mwenyewe, ukajijibu mwenyewe, na adhabu ukampa huyu."

"Nimekosa." Hemedy akainua macho kwa Zuhra. "Nitarudisha mabati. Kesho hiyo hiyo. Nitampa fundi ayapigilie, mimi nisiguse."

"Sijakuomba mabati."

"Unataka nini, Zuhra?"

"Mvua nyasi zinaiweza. Mimi nataka mtu akilala hapa, alale kama amefika."

Hemedy akainua macho kulitazama lile paa la nyasi.

"Na kiwanja cha mjini," aliendelea Zuhra. "Nilisikia kabla ya haya yote ulikuwa unakitafuta."

"Nani kakuambia?"

"Nachingwea si Dar es Salaam. Kwa jina la nani?"

"Langu."

"Ungeniambia, fedha ya dari ningeiweka hapo tukanunua wawili. Mwanawetu akifika sekondari angekuwa na pa kufikia. Mimi sikuukataa mji. Wewe ndiye uliyenificha mji."

"Na wewe ulinificha dari."

"Nilikuficha nikufurahishe!"

"Kuficha ni kuficha," mzee aliingilia. "Fedha zenu zote mbili zilikuwa zinatembea humu kwa miguu ya paka. Nyumba haijengwi hivyo. Mtu na mkewe wanakaa, wanasema tuna hiki, hatuna hiki, tuanze na sakafu au tuanze na kiwanja. Wanagombana, wanapatana, ndipo mkono unaingia mfukoni."

Wote wawili waliinamisha vichwa kama wanafunzi.

"Rashidy," alisema Hemedy hatimaye. "Utamjibu nini?"

"Barua yake haijafika. Barua isiyofika haina jibu."

"Na yangu ikifika?"

Zuhra akatazama pembeni, akavuta ncha ya kanga. "Wewe ilete. Kusoma najua."

Mzee Bilali akaweka kamba chini. "Ulitoka kwa mdomo, Hemedy. Kurudi ni kwa maandishi. Mshenga na bahasha, kama mara ya kwanza. Na usininakilie yale maneno ya kwenye simu, ua la moyo wangu sijui nini. Ijumaa nitazifungua zote zitakazokuwepo, huyu atasema anayemtaka, na mimi nitakubali."

"Na mabati, mjomba?"

"Mabati ni mazungumzo ya watu waliooana. Ninyi hamjaoana."

Alipokuwa anapanda pikipiki, Zuhra alisema kwa nyuma, "Huko una chumvi?"

"Ninayo."

"Mwongo. Umekonda mpaka masikio."

Alhamisi Hemedy hakwenda popote. Alikaa kwenye benchi la Dafrosa na kalamu. Karatasi ya kwanza aliichana kwa sababu ilikuwa na sifa nyingi. Ya pili aliichana kwa sababu ilikuwa na kilio. Hassani, mshenga, alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake anamaliza samaki.

"Kaka, barua moja inaandikwa siku nzima? Jua linashuka."

"Ngoja."

"Andika 'nampenda', tia sahihi, twende."

"Hilo analijua. Lingekuwa linatosha nisingekuwa hapa."

Akaandika tena, safari hii bila kusimama. Alipomaliza, akampa Hassani asome, maana mshenga hapeleki asichokijua. Hassani akafuta vidole, akasoma kwa sauti:

"Kwa Mjomba Bilali, Narung'ombe. Assalam alaykum. Mimi Hemedy, niliyekuwa mume wa binti yenu Zuhra, naomba kumwoa tena. Mahari aseme yeye. Nitaishi hapo kwenu, na jambo lolote la nyumba, la shamba au la kiwanja tutalipanga wawili kabla ya fedha kutoka. Zamani nilitaka nijue nitaondokaje. Sasa naomba jambo moja ambalo sikuliomba mara ya kwanza. Siku yangu ikifika, nisirudishwe kwa mama yangu. Nizikwe hapo Narung'ombe, karibu na mahali atakapozikwa yeye."

Hassani alishusha karatasi. Dafrosa naye aliacha samaki wakaungua upande mmoja. Huku kwetu mwanaume huoa kwa watu, hujenga kwa watu, huzeeka kwa watu, lakini akifa jeneza lake hurudi kwa ukoo wa mama yake. Hata waliokaa na wake zao mpaka wakapoteza meno, hurudishwa.

"Hili la mwisho," alisema Hassani taratibu. "Umemwambia Ashura?"

"Bado. Nitamwambia."

"Atalia."

"Nitalia naye. Lakini nimeshaandika."

"Ukisha kulipeleka hili, halirudi."

"Ndiyo maana nalipeleka."

Simu ikaita. Ujumbe wa Zuhra: "Mjomba anauliza mshenga yuko wapi. Mimi siulizi."

Hemedy aliusoma, akauweka moyoni, hakujibu kwa simu. Alikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja juu ya benchi, akaishikilia hapo kitambo ili ishike vizuri. Dafrosa alileta leso nyeupe, mpya, akaizungushia bahasha mwenyewe, akafunga fundo. Hassani akaipokea kwa mikono miwili, akaitia ndani ya shati upande wa kifua, akawasha pikipiki, akashika njia ya Ruangwa.